Mfarishi na Fundi wa Mabomba

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu, ambapo juu huwa na vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mpango, katikati hukaa pamba au blanketi kuukuu, na chini huwekwa bitana, kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mistari inayopenya kutoka usoni hadi mgongoni ili zisihamehame. Katika nchi ambako kazi hiyo ni burudani ya wastaafu, yapo maduka mahususi yanayouza rula zisizoteleza, vizito vya kushikilia patani, vibanio na fremu za kuwambia, na bei ya kifaa kimoja huweza kumlisha fundi cherehani wa Alupe kwa siku kadhaa. Alupe, iliyoko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Busia kwenye barabara ya kwenda Malaba, haina duka la aina hiyo. Ina hadiwea, yaani duka la vifaa vya ujenzi, na fundi aliyeazimia kushona mfarishi hutimiza haja zake humo humo, kati ya mabati na misumari. Karibu kila anachokihitaji hukipata, na hukipata kwa bei nafuu. Kasoro ni moja tu, nayo ni kwamba kifaa cha hadiwea hakisahau kazi yake ya kwanza, wala majirani wa fundi hawaisahau.

Malighafi haina shida. Vitenge huvuka mpaka wa Kenya na Uganda huku na huku, doti na yadi zake hushonwa magauni ya harusi na sare za vikundi vya akina mama, na kila gauni huacha chini ya meza ya fundi mabaki ambayo ni madogo mno kushonea kola lakini ni mazuri mno kufutia vumbi. Ushonaji wa mabaki hayo nao si jambo geni kwa watu wenye asili ya Afrika. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, ambao wahenga wao walitoka Afrika na kuvushwa Bahari ya Hindi, hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, wakianzia pembeni na kuzunguka hadi katikati. Akina mama wa Gee's Bend katika jimbo la Alabama, Marekani, walishona yao kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi hiyo ikatundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston kama michoro ya mabingwa. Fundi wa Alupe hana nia ya kufika Houston. Mteja wake ni mwanafunzi wa chuo anayetaka kitu cha kujifunika hosteli, na aliyekwisha kulipa nusu ya pesa.

Kifaa cha kwanza ni washa, yaani pete bapa ya chuma inayowekwa chini ya nati au kichwa cha bolti ili kutawanya mgandamizo. Kazi yake mpya ni kushikilia patani, ambayo ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la kipande, juu ya kitambaa wakati chaki inapita ukingoni. Pini hufanya kazi hiyo pia, lakini huinua kitambaa na kuacha matundu, ilhali washa hutulia ilipowekwa. Kwa fundi anayefanyia kazi barazani kando ya barabara kuu, uzito huo si anasa, kwa kuwa kila lori linalopita huvuta upepo unaotosha kupeleka patani ya mikono katika mtaro wa maji machafu.

Washa huuzwa za aina mbili: nyeusi, ambazo ni chuma kitupu, na zenye kung'aa, ambazo zimepakwa zinki ili zisishike kutu. Fundi huchagua nyeusi kwa sababu ni rahisi zaidi na, kwa hesabu yake, uzito ni uzito. Hesabu hiyo haijumuishi unyevu wa Busia, ambako mvua ya alasiri hupenya hadi ndani ya sanduku la uzi. Washa zinapolala usiku kucha juu ya bitana ya marekani, yaani kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, asubuhi huacha duara za kutu zilizopangwa kwa umbali sawa, nadhifu kiasi kwamba mteja mmoja aliuliza kwa adabu kama pambo hilo linatozwa pesa za ziada. Ndimu, chumvi na jua kali huondoa kutu, nazo pia huondoa sehemu kubwa ya faida, maana ndimu hainunuliwi moja.

Fundi akishafunzwa na kutu huhamia kwenye washa za zinki, na hapo ndipo matatizo ya kijamii huanza, kwa sababu washa inayong'aa huonekana kutoka barabarani. Mwendeshaji wa boda boda ambaye mkingamatope wa pikipiki yake umelegea husimama, husalimu kwa kirefu, huulizia hali ya watoto, kisha hufikia kilichomleta.

"Mama, nisaidie na washa moja tu. Nitairudisha jioni."

"Na ile ya juzi iko wapi?"

"Iko kwa pikipiki, Mama. Lakini siku ukitaka kwenda soko, nitakubeba bure."

Ikumbukwe kwamba usafiri wa boda boda ulizaliwa katika mpaka huu huu, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda kabla pikipiki hazijaja, na kwa hiyo kumnyima mwendeshaji washa mahali hapa ni kama kuidharau historia ya eneo. Washa hutolewa. Patani iliyokuwa na vizito sita hubaki na vinne, kisha vitatu, na mtaalamu anayekagua mfarishi uliokamilika anaweza kukisia, kwa jinsi miraba inavyozidi kupinda kuelekea miguuni, ni pikipiki ngapi za Alupe zimekazwa vizuri.

Kifaa cha pili ni tepu ya karatasi ya wapaka rangi, ambayo Richard Drew wa kampuni ya 3M aliibuni mwaka 1925 kwa ajili ya mafundi wa magari waliotaka mpaka safi kati ya rangi mbili. Katika mfarishi hubandikwa juu ya kitambaa, mshono ukafuata ukingo wake, kisha hubanduliwa na kubandikwa mbele kidogo, na mstari hunyooka bila kuchorwa. Upana unaohitajika mara nyingi ni robo inchi, ambayo ndiyo nafasi iachwayo kati ya mshono na ukingo wa kitambaa, lakini hadiwea huuza tepu ya inchi nzima. Mwanagenzi wa fundi, yaani kijana anayejifunza kazi, huona njia iliyo wazi: kuikata tepu nzima vipande vinne kwa msumeno wa chuma, jinsi mkate unavyokatwa. Msumeno hukata. Hata hivyo huacha ukingo wenye meno, hupasha gundi moto ikatapakaa ubavuni, na vipande vinne vinavyopatikana havilingani hata viwili, hivi kwamba robo ya kwanza ni theluthi na robo ya mwisho ni uzi tu. Mistari iliyoshonwa kwa kufuata meno hayo ilinyooka kwa kadiri ya uaminifu wake kwa msumeno.

Madhara makubwa zaidi hutokana na jua. Tepu hiyo imekusudiwa kuondolewa upesi, ila fundi akialikwa matanga Ijumaa na kurejea Jumatatu, huku meza yake ikielekea magharibi, gundi huwa imekwisha kuhama kutoka kwenye karatasi na kuingia katika kitenge. Karatasi hubanduka, gundi hubaki, na kufikia adhuhuri mistari yote ya mfarishi huwa imejichora kwa vumbi jekundu, pamoja na unyoya mmoja wa kuku ambao hakuna aliyeukusudia. Mafuta ya taa huondoa gundi bila kuharibu rangi, lakini harufu yake haiondoki kwa kufua mara moja. Mwanafunzi aliyekabidhiwa mfarishi wa namna hiyo alitumia sehemu ya muhula akiwaeleza wenzake wa hosteli kwamba hakuficha jiko chini ya kitanda.

Kuhusu msasa, yaani karatasi yenye chembe kali inayotumika kulainisha mbao, maelezo mafupi yatatosha. Vipande vidogo hubandikwa mgongoni mwa rula, chembe zikitazama kitambaa, na rula huacha kuteleza. Kanuni yake ni kwamba namba ikiwa kubwa chembe huwa ndogo, kwa hiyo namba 220 hushika kitambaa kwa upole na namba 60 huking'oa nyuzi. Seremala wa jirani hutoa msasa bure kwa moyo mkunjufu, na msasa unaotolewa bure haujawahi kuwa namba 220.

Ajali ya msasa, hata hivyo, haitokei kwenye rula. Hutokea kwenye mkasi. Kila fundi cherehani ana mkasi mkubwa wa kitambaa ambao haukati karatasi, haukati kamba, haukati kucha, na hauazimwi hata na mama mkwe. Kwa mkasi huo huo mwanagenzi aliukata msasa, tena kwa utulivu, akijitetea kwamba amesikia msasa hunoa. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwa kuwa msasa laini huweza kusugua vijimeno vidogo vilivyokunjamana kwenye makali, ila haurudishi makali yaliyokwisha, na namba 60 huacha mikwaruzo na mchanga penye pini ya katikati. Mjadala ulihitimishwa na mnoaji wa visu anayepita na jiwe lake la kuzungushwa kwa baiskeli, ambaye aliutazama mkasi, akamtazama kijana, akapandisha bei.

Kilele cha elimu hii ni fremu ya kuwambia. Kabla ya kushonwa kwa mkono, tabaka tatu hupigwa bandi, yaani hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, kisha huwambwa kwenye fremu ili zisijikunje. Paipu za plastiki za nusu inchi hukatwa pande nne na kuunganishwa kwa elbo, ambazo ni viungo vya kona vya mabomba. Vibanio hutengenezwa kwa paipu nene kidogo iliyokatwa vipande vifupi na kupasuliwa kwa urefu, kiasi kwamba kila kipande hufunguka, hukumbatia paipu ya fremu pamoja na kitambaa, na kubana. Ni ubunifu wa hali ya juu ambao unastahili kusifiwa bila masharti kwa muda wa dakika chache.

Gundi ya paipu haitumiki, kwa sababu fremu lazima ivunjwe jioni na kuingizwa ndani, na kona isiyo na gundi huzunguka. Fundi anapoegemea upande mmoja ili kufikia katikati, mraba hulala ukawa mshazari, kitambaa hukazika upande huu na kulegea upande ule, na kibanio kimoja hufyatuka. Kipande cha paipu kilichopasuliwa kina nguvu kuliko kinavyodhaniwa. Kilichofyatuka siku moja kilivuka baraza na kutua katika karai la mandazi la jirani, ambako kilielea kwenye mafuta ya moto, na mteja wa mandazi akalipishwa bila kuambiwa chochote.

Hayo yote yangevumilika kama si fundi wa mabomba. Bomba la ploti, yaani kiwanja chenye nyumba kadhaa za kupangisha, halipasuki Jumanne asubuhi hadiwea ikiwa wazi. Hupasuka Jumamosi jioni mwenye duka akiwa amekwisha kufunga, na fundi wa mabomba, akiwa amelowa hadi magotini, hutupa jicho barazani na kuona paipu za nusu inchi, safi, zilizokatwa vizuri, zikiwa na elbo zake. Mwenye ploti ndiye pia mwenye baraza la fundi cherehani, na kodi ya mwezi haijalipwa. Mazungumzo huwa mafupi na ya heshima tele. Upande wa kushoto wa fremu huondoka na elbo mbili, huahidiwa kurudi Jumatatu, hupakwa gundi, na kuzikwa ardhini. Tangu siku hiyo wapangaji wote huchota maji yanayopita ndani ya kifaa cha ushonaji, na mfarishi wa mwanafunzi hubaki ukining'inia pande tatu, ukishonwa na watu wawili, mmoja akitia sindano na mwingine akiwa fremu. Mwingine huyo ni mwanagenzi, ambaye kazi hiyo inamfaa kuliko ya mkasi.

Anayetaka kuijaribu kazi hii na anunue washa za zinki na kuzishona ndani ya vifuko vya kitenge, kwani washa iliyovikwa nguo haimvutii mtu wa pikipiki, abandue tepu kila jioni, na aufungie mkasi kabatini kabla msasa haujaingia nyumbani. Paipu azitoboe matundu madogo kila inchi mbili kabla ya kuziunga: matundu hayo yanafaa kupitishia uzi wa kufunga pindo la mfarishi, na hakuna fundi wa mabomba atakayeiazima paipu inayovuja.