Sabufa Haina Jini: Majibu kwa Wenye Shida za Muziki wa Nyumbani

Muziki wa nyumbani usiotumia waya una kazi tatu: kuutunza wimbo, kuufikisha kwenye spika, na kuuamuru uanze, unyamaze au upungue sauti. Zamani zote tatu zilifanywa na redio kaseti moja. Siku hizi wimbo unaweza kuwa kwenye seva ng'ambo au kwenye flashi ya kabatini, spika ikawa sebuleni, na amri zikatoka kwenye simu iliyo kitandani na mwenyewe. Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni Bluetooth, iliyoanza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Sweden: hapa simu hubeba wimbo na kuukabidhi kwa spika mkono kwa mkono. Ya pili ni Wi-Fi: simu na spika huingia kwenye ruta moja, na mara nyingi spika hujichotea wimbo yenyewe, simu ikabaki rimoti tu. Shida nyingi zinazoletwa kwenye safu hii hutokana na kutojua nani kabeba wimbo na nani anatoa amri. Zilizobaki hutokana na ndoa, ukoo na majirani.

"Mshauri, shikamoo. Sabufa yangu nikiiacha kwenye umeme huimba yenyewe. Juzi imepiga singeli saa nane usiku. Mke wangu anasema tumetupiwa kitu. Nimwite shehe, au niirudishe dukani?" – Mpangaji Mwenye Hofu, Mbagala

Jini wa aina hii kwa kawaida hukaa chumba cha pili na ana simu. Sabufa nyingi za bei nafuu, zikiwa kwenye Bluetooth, hujitangaza kwa kila simu iliyo jirani, haziulizi namba ya siri, na humpokea wa kwanza kubisha hodi. Masafa yake ya kawaida ni kama mita 10, na katika nyumba ya kupanga mita 10 humaliza vyumba vitatu. Isitoshe, sabufa za kiwanda kimoja hutoka na jina moja. Jirani mwenye sabufa ya namna hiyo hiyo huweza kubonyeza isiyo yake bila nia mbaya, na simu yake ikishaizoea huunganika nayo tena pasipo kuulizwa. Dalili ya uhakika ni ile sauti ya kike inayotangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kimeunganishwa, sekunde chache kabla ya wimbo kuanza.

Tiba ni kuihamisha sabufa kwenye redio au AUX kila inapomaliza kutumika, au kuizima ukutani. Zenye kitufe cha kufuta simu zilizohifadhiwa zifutwe. Anayenunua mpya atafute ile inayotaka kitufe kibonyezwe kwanza ndipo ipokee simu ngeni. Shehe anaweza kuitwa kwa dua ya kuibariki nyumba. Kwa singeli ya saa nane, swichi inatosha.

"Tulikuwa na wageni wa posa. Taarabu inalia taratibu, mara simu ikaita humo humo kwenye spika. Nikapokea. Sauti ya mtu anayenidai ikajaa sebule nzima. Posa imeahirishwa." – Mjomba wa Biarusi, Kisauni

Mdai hana kosa. Namba aliyopiga ni sahihi. Kilichotokea ni kwamba spika yenye maikrofoni huiambia simu kuwa inaweza mambo mawili, muziki na mazungumzo, na simu huikabidhi yote mawili. Kwenye simu za Android hufunguliwa mipangilio ya Bluetooth, kisha alama ya gurudumu iliyo pembeni ya jina la spika. Humo kuna swichi mbili, moja ya simu za kupigwa na nyingine ya sauti za muziki. Ya kwanza huzimwa, ya pili huachwa. Hata hivyo ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukifunguliwa bado utatokea kwenye spika, kwa kuwa simu huuhesabu pamoja na muziki. Kwa siku nyeti kama ya posa, nyimbo hupakuliwa mapema, simu huwekwa kwenye hali ya ndege, kisha Bluetooth peke yake ikawashwa tena. Hapo hakuna mdai anayepenya.

Kwenye Wi-Fi mambo hutofautiana. Spika inapojichotea wimbo yenyewe, simu inaweza kuita, kuondoka na mwenyewe au kuzimika chaji, na wimbo usitikisike. Ila AirPlay ya Apple, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina la AirTunes, hupita kwenye Wi-Fi huku simu ikiwa bado ndiyo mbebaji: betri ikiisha, wimbo nao umekwisha.

"Spika iko barazani, mimi niko jikoni na simu. Wimbo unakatika kama mtu mwenye kwikwi. Fundi kanishauri nivunje ukuta." – Bibi wa Shangani, Zanzibar

Ukuta usivunjwe. Shangani imo ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na fundi wa spika si mwenye kauli juu yake. Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hudhoofika sana yapitapo kwenye ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa. Maji nayo huyanywa, na mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana wimbo hukatika simu ikiwekwa mfuko wa nyuma na kurudi ikishikwa mkononi. Maikrowevu inayopasha pilau hutumia mawimbi ya eneo hilo hilo, na inayovuja kidogo tu huweza kuutia wimbo vurugu hadi pilau ipate moto.

Jibu rahisi ni simu ikae barazani karibu na spika. Asiyeweza kuachana na simu yake ahamie kwenye Wi-Fi, ruta iwekwe upande wa spika, na waya wa mtandao upitishwe mlangoni palipo wazi tayari. Jikoni zitatoka amri tu, nazo ni nyepesi kuliko wimbo mzima. Wi-Fi ya gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini hushindwa na ukuta mapema zaidi, kwa hiyo katika nyumba za namna hii si dawa.

"Niliambiwa muziki wa Wi-Fi hauli bando. Bando la mwezi limeisha tarehe tisa. Mume wangu anadhani nina mtu ninayeongea naye." – Asiye na Kosa, Mwanza

Aliyeambiwa aliambiwa nusu. Wi-Fi ni njia kati ya ruta na vifaa vya nyumbani, na safari hiyo haina gharama. Bando huliwa pale ruta inapotoka nje kuufuata wimbo. Wimbo wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa. Wa kilobiti 320 hula takriban MB 144. Nyumba inayosikiliza saa sita kila siku kwa kiwango hicho cha juu hutumia karibu GB 26 kwa siku 30. Anayepigia muziki wake YouTube hulipia na picha asizozitazama, nazo ni nzito kuliko sauti.

Matumizi hupungua kwa kushusha ubora kwenye mipangilio ya programu, au kwa kupakua nyimbo mara moja badala ya kuzifuata mtandaoni kila siku. Nyimbo zilizomo ndani ya nyumba, kwenye kompyuta au kwenye flashi iliyochomekwa kwenye ruta inayokubali flashi, huchezwa bila kugusa bando hata kidogo, ruta iwe na intaneti isiwe nayo. Kuhusu mume, baadhi ya ruta zina ukurasa unaoonyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani. Ushahidi huo humsafisha mtuhumiwa, ingawa pengine humgeukia mshtaki.

"Nina spika mbili, sebuleni na chumbani. Zinapiga wimbo mmoja lakini moja inatangulia. Mama mkwe kauliza kama bendi imegombana." – Mkaza Mwana, Umoja, Nairobi

Bendi ni moja. Saa ndizo mbili. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 10 mbali huchelewa kwa milisekunde 30 hivi, na sikio husamehe. Pengo likizidi sana hapo, sikio huanza kusikia nyimbo mbili. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde 100, 200 au zaidi, na kila muundo una kiasi chake. Ndiyo maana pia mwigizaji kwenye televisheni hufunga mdomo kabla neno halijatoka kwenye sabufa. Spika mbili za Bluetooth za kampuni tofauti hazitapatana hata zikisuluhishwa na wazee. Zipo zinazooana, lakini kwa kawaida ni pacha wa kiwanda kimoja.

Mifumo ya Wi-Fi hulitatua jambo hili kwa saa ya pamoja. Kila spika hupokea kipande cha wimbo kabla ya wakati wake, hukiweka akibani, kisha hukipiga kwa nukta iliyopangwa. Sonos, kampuni ya Santa Barbara huko California, ilianza kuuza mfumo wa vyumba vingi mwaka 2005. Apple iliuleta wake, AirPlay 2, mwaka 2018. Sharti ni spika zote ziwe za mfumo mmoja. Bajeti isiporuhusu, waya mrefu kutoka sabufa ya sebuleni hadi spika ya chumbani huondoa tofauti yote, na mama mkwe hatauona ukipitishwa nyuma ya kabati.

"Nina kanda za Mbaraka Mwinshehe na Mlimani Park. Mjukuu anasema nihamie kwenye simu. Je, kanda inaingiaje kwenye simu?" – Mzee wa Zilipendwa, Morogoro

Kanda haina njia ya mkato: ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60. Waya hutolewa kwenye tundu la hedifoni la redio hadi kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta, na programu ya bure kama Audacity hurekodi kanda inapopiga. Mafaili huhifadhiwa kwa FLAC, inayopunguza ukubwa bila kupoteza chochote, au kwa MP3 nafasi ikiwa finyu. Kisha huhitajika ghala la nyumbani. Laptopu kuukuu inafaa, au Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoingia sokoni mwaka 2012. Mwaka huo huo Logitech iliacha kutengeneza vicheza muziki vya Squeezebox, lakini programu yake ya ghala haikufa; hutolewa bure hadi leo kwa jina la Lyrion Music Server. Simu ya mzee huorodhesha nyimbo, mzee huchagua, spika hupiga, bando halijui lolote. Kanda zenyewe zisitupwe, kwa kuwa faili hufutika kwa kidole kimoja. Mjukuu apewe kazi ya kugeuza upande B.

"Mwanangu yuko chuo Dodoma. Nikiweka kwaya asubuhi hapa nyumbani, katikati inaingia amapiano. Nikimpigia anasema yuko darasani." – Baba Anayelipa, Arusha

Huduma kama Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, huiruhusu akaunti ya mtu mmoja kupiga mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Watu wawili wakiichangia, programu ya aliye Dodoma huonyesha spika ya Arusha kuwa ndiyo inayopiga. Akichagua wimbo bila kuihamisha, hubadilika Arusha. Rimoti haina mipaka ya mkoa. Hapa huhitajika akaunti kwa kila mtu, au kubadili nywila na kuviondoa vifaa vyote kwenye akaunti. Suala la darasani liko nje ya uwezo wa ruta.

Kwa jumla, chumba kimoja chenye msikilizaji mmoja hutoshwa na Bluetooth, na spika yenye betri hubaki ikiimba umeme unapokatika na ruta kuzimika. Nyumba ya vyumba vingi na simu nyingi huhitaji Wi-Fi na spika za mfumo mmoja. Palipo na bando la mashaka, ghala la nyumbani ndilo la kutegemewa. Ama zamu ya kuchagua wimbo, programu yake haijaandikwa. Ikae na wanafamilia kikaoni, na anayenunua umeme asikilizwe kwanza.