Uonekane Bingwa wa Chai Kufikia Jumamosi

Wakwe wanakuja Jumamosi, nawe ulishajigamba kwamba siku hizi chai ya vifuko huigusi. Usihangaike. Ujuzi wa miaka kumi hatuupati kwa siku nne, lakini sura yake tunaipata. Sogea karibu.

Kwanza, nunua vitu vitatu tu: mchaichai mkavu, chai ya kijani na chai ya ulongi (oolong). Kila kimoja kitie kwenye kopo lake lenye kifuniko, na usiandike jina. Bingwa huyatambua majani kwa harufu. Wewe weka alama chini ya kopo.

Pili, fungua na mchaichai, maana haukosewi. Chemsha, funika dakika kumi. Ukimimina, waambie kwa upole kwamba hii hasa si chai. Chai ni mmea mmoja, Camellia sinensis. Kijani, ulongi na ile ya rangi ya Kericho zote hutoka humo, tofauti ni jinsi jani linavyoachiwa hewa baada ya kuchumwa. Sema mara moja, unyamaze. Ukirudia, utaulizwa swali.

Tatu, kijani. Hapa ndipo wengi huumbuka. Maji yanayotokota huifanya chungu kama shubiri. Yenyewe yataka nyuzijoto 70 hadi 80. Kipimajoto kiache dukani, kitakuumbua. Fanya kama Wajapani: maji yaliyochemka yamimine kwenye kikombe kitupu, kisha kingine. Kila uhamishapo, hushuka takriban nyuzi 10. Vikombe viwili au vitatu, umefika, na wageni wamekaa kimya wakidhani ni ibada. Dakika moja au mbili, chuja. Bado unaogopa? Ijumaa usiku yatie majani kwenye jagi la maji baridi, weka kwenye friji hadi asubuhi. Maji baridi hayavuti uchungu mwingi. Hiyo hata mtoto haiharibu.

Imekuwa chungu hata hivyo? Usimwage! Tia nanaa fungu zima, sukari kwa mkono mzito, mimina kutoka juu ifanye povu, kisha tangaza chai ya Kimoroko. Wala si uongo. Wamoroko huipika hivyo kwa chai ya kijani ya Kichina, ile iliyoviringwa kama punje za baruti, na ndiyo heshima ya mgeni kwao. Katika mbinu zangu zote, hii naiamini kuliko nyingine.

Nne, ulongi, ambayo kwa Kichina jina lake ni joka jeusi. Chagua ya Anxi huko Uchina, au Dong Ding ya Taiwan, iliyoviringwa vidonge. Maji yawe moto karibu na kuchemka. Suuza majani, mwaga maji hayo mbele ya watu. Hakuna hotuba inayoleta heshima kama hiyo. Halafu yarudie majani yaleyale mara tano, kila mara kwa muda mfupi. Vijiko viwili vinatosha baraza zima. Mwisho tandaza jani lililofunguka kwenye sahani nyeupe, liinamie, ulitazame.

Baba mkwe akiomba sukari, mpe bila kukunja uso. Na kabla hawajafika, jaza chupa moja ya chai ya maziwa yenye tangawizi, uifiche jikoni. Hiyo ndiyo watakayoimaliza.