Samaki Wamepanda Mlima

Mbinga ukiuliza njia, utaelekezwa kwa vitu ambavyo havipo. Kata kushoto palipokuwa na mkaratusi, pita lilipokuwa ghala la ushirika, ukiona zamani kwa fundi redio umefika. Mjomba, mzaliwa wa huko aliyehamia Dar es Salaam enzi za vumbi, aliyaelewa maelekezo yote. Aliyeteseka ni mpwa wake, dereva wa siku hiyo, aliyekuwa ameiamini ramani ya simu. Ramani ilijua vilivyopo tu, kwa hiyo haikusaidia kitu.

Walianza kwa kutafuta kahawa. Lilikuwa ombi la haki kabisa: hii ni nchi ya Wamatengo, watu waliochimba mashimo ya ngoro kwenye miteremko ili mvua isiwaibie udongo wa mahindi na maharage, wakapanda na mibuni ya arabika. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ina kituo chake papo hapo wilayani, Ugano. Mama wa mgahawa akaleta chupa ya maji ya moto, bakuli la sukari na kipakti cha kahawa ya unga ya dukani.

"Mama, ya hapa hapa haipo?"

"Ya hapa ni ya kuuza, baba. Sisi tunakunywa chai."

Alisema kweli. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ikiwa bado haijakaangwa, na kwa mkulima wa Mbinga buni ni ada ya shule na bati za nyumba. Kuimwagia maji ya moto ni ubadhirifu. Mpwa, ambaye mjini huilipia kikombe kimoja bei ya kilo ya nyama, alikunywa kile kipakti kimya kimya.

Safari ya kushuka Ziwa Nyasa ndiyo iliyomvuruga mjomba. Songea hadi Mbinga lami ilishafika zamani kidogo, kwa fedha za Wamarekani, lakini zile kilomita zipatazo 66 za kwenda Mbamba Bay ziliendelea kuwa mtihani wa imani hadi nazo zilipowekwa lami miaka ya karibuni. Masika lori lilikwama, abiria wakalala njiani, na kwenye kila mlima mbaya kikachipuka kibanda cha chakula. Tope ndilo lilikuwa mpiga debe wa mama ntilie. Mjomba alipania kula kwenye kibanda kimoja maarufu kwa kuku wa kienyeji. Akaanza kukisifia. Kabla hajafika kwenye mchuzi, walikuwa wameshakipita.

Wakageuza gari. Pale palipokuwa na jiko palikuwa na vocha za simu na petroli kwenye chupa za maji. "Nani asimame hapa sasa?" bibi mwenye meza aliuliza, baada ya shikamoo mbili. "Mnapita kama mnafukuzwa."

Basi matumaini yote yakahamia Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Tangu Kigonsera, kabla hata ya kufika Mbinga, mjomba alikuwa akimhubiri mbasa, samaki wa ziwa hilo: wa kuchoma, na ugali wa muhogo. Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700 na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Mgahawa waliouingia ulikuwa na chipsi kuku.

"Samaki je?"

"Wameondoka."

"Kwenda wapi?"

"Mbinga. Wengine Songea. Gari la asubuhi."

Ukifikiri vizuri, ndivyo inavyopaswa kuwa. Zamani samaki mbichi angeharibika mlimani pamoja na lori lake, kwa hiyo aliliwa papo hapo au alianikwa. Siku hizi anawekewa barafu na kuwahi soko lenye bei nzuri, na sioni kwa nini mvuvi akeshe majini halafu amtunzie mjomba wa watu kumbukumbu zake za utotoni. Kuku, kwa upande wake, alikuwa wa kisasa, kapanda gari Songea na kushuka kwa lami ileile. Huenda walipishana na mbasa kwenye kona.

Walikula wakilitazama ziwa, mjomba akitafuna kama anayetoa ushahidi mahakamani. Kulipa nako kukawa kazi: mtandao wa simu ulikuwa chini, na noti ya elfu kumi haikuwa na chenji mtaa mzima. Walirudishiwa salio kwa nyanya.

Jioni, stendi ya Mbinga, mbasa wa kukaanga walikuwa wamejipanga kwenye meza, wanene, wanang'aa kwa mafuta. Mjomba akamgeuzageuza mmoja kwa mashaka, akauliza kama kweli ni wa leo.

"Wa leo asubuhi, mzee wangu, Mbamba Bay," muuzaji akaapa. "Kama huamini nenda kaangalie mwenyewe. Si mbali siku hizi."