Kimbelembele wa Chemshabongo Apewe Sifa Zake

Tumewasifu mabondia, makipa, wagombea na hata majogoo. Ajabu ni kwamba hadi leo hakuna aliyesimama kumsifu yule bwana anayekujia kwa nyuma kijiweni, wewe umeinamia chemshabongo ya gazeti, yeye akaliegemea bega lako kana kwamba gazeti mmelinunua kwa kuchangiana, akapuliza kahawa yake karibu na sikio lako, kisha akalitamka jibu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Wenye choyo humwita kimbelembele. Mimi nasema huyu ni mtu mwema, na tumemdhulumu.

Mtu wa kusifiwa lazima awe na nasaba, na yake ni ndefu. Fumbo la maneno la visanduku lilichapishwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World la Marekani. Mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na alilichora kwa umbo la almasi lenye uwazi katikati. Jina la mtungaji limehifadhiwa. La mtu wa kwanza kusema "hapo siyo hivyo" halikuhifadhiwa, ingawa sina shaka alijitokeza siku ileile kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa Jumapili, watu walikuwa majumbani, na majumbani kuna mashemeji.

Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo haya, kila nakala na penseli yake. Homa ikapanda, hata treni za Baltimore & Ohio zikawekewa kamusi kwa ajili ya abiria waliokwama kwenye neno. Angalia walivyomsahau mtu wetu: penseli moja kwa kila kitabu! Basi tangu hapo yeye hajawahi kushika kalamu. Huelekeza kwa kidole, tena kidole chenye mafuta ya kashata, na ukurasa ukishalowa pale alipogusa, wino wako haukamati tena. Huo ndio muhuri wake.

Mwaka huohuo New York Times liliubeza mchezo huu kuwa ni upotevu wa muda. Kisha Februari 1942 likaanza kuchapisha wake lenyewe. Huo ni mwendo wa kimbelembele hatua kwa hatua. Kwanza hukupita akisema, "Kijana, hivi huna kazi?" Halafu hurudi kuchukua kikombe. Halafu huuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ni namba ngapi hiyo iliyokushinda.

Lakini tendo kuu la ukoo huu lilitendeka Uingereza. Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, wiki chache kabla ya majeshi kushuka Normandy, majibu ya chemshabongo ya Daily Telegraph yalileta, moja baada ya jingine, maneno Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya uvamizi huo. Makachero wa MI5 wakamfuata mtungaji, Leonard Dawe, naye alikuwa mkuu wa shule, mtu wa heshima zake. Wakamhoji, wasione kosa, wakamwacha. Miaka arobaini baadaye, 1984, Ronald French, aliyekuwa mwanafunzi wake, alieleza kwamba Mwalimu Dawe alikuwa na desturi ya kuwapa vijana visanduku vitupu wavijaze maneno, kisha yeye akatunga vidokezo. Na maneno yale vijana waliyaokota kwa askari waliopiga kambi jirani. Wapo wanaoitilia shaka simulizi hiyo. Mimi naiamini kwa moyo wote, kwa sababu naijua harufu yake: mzee mwenye fumbo lake, na kundi la wasaidizi wenye masikio marefu kuliko busara. Kazi gani nyingine ya kujitolea inaweza kumfikisha mkuu wa shule mbele ya makachero?

Sasa tuje kijiweni. Sifa ya kwanza ya kimbelembele ni ushujaa: hujibu kabla ya kusikia kidokezo. Idadi ya herufi haimtishi. Penye visanduku vitano atakuletea neno la herufi nane na kukuagiza ulibane. Kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kisanduku cha mwisho kina majibu matano tu yanayowezekana, na yeye huyataja yote matano. Moja likikubali, huwageukia wanywa kahawa kuhakikisha wamemsikia.

Sifa ya pili ni kwamba huchangamsha barza. Chemshabongo ikiachwa mikononi mwa mtu mmoja hukaa kimya ukurasani. Akiingia yeye, unazuka mjadala iwapo huandikwa "maalum" au "maalumu", na watu waliokuwa wakicheza drafti huacha vizibo vyao vya soda waje kutoa rai. Mara anahoji ile ritifaa ya "ng'ombe" ikae kwenye kisanduku gani. Jambo hilo mtu yeyote anaweza kulimaliza kwa kuhesabu visanduku, lakini kuhesabu ni ukosefu wa adabu wakati wazee wanazungumza. Akikupa KITI palipotakiwa VITI, ile K inashuka na kuliharibu neno la kwenda chini, nalo linamponza jirani yake, na kabla birika halijapoa, kona nzima ya fumbo inakuwa na maneno ambayo hakuna kabila linaloyadai.

Wapo watakaosema yako mapito mengine ya kupata msaada. Yapo, na nimeyatazama. Ipo kamusi. Lakini Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, nayo ni kamusi ya kuheshimika, hukutaka kwanza ujue neno lako linaanza na nini, na hicho ndicho ulichoendea. Lipo gazeti la kesho lenye majibu. Ila gazeti la kesho lina tabia ya kufungia maandazi kabla hujaufikia ukurasa wenyewe. Ipo simu. Simu hukupa jibu sahihi, haraka, kimyakimya, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: ukikosea na simu huna wa kumlaumu. Kimbelembele yuko pale, ana mwili, ana jina, na anajulikana anakokaa.

Halafu tazama ukarimu wake katika kugawana. Fumbo likijaa, hunyoosha mgongo na kutangaza, "Tumelimaliza." Likiharibika, huweka kikombe chini taratibu na kusema, "Umekosea." Hajidai hata kidogo kwenye makosa, hayo anakuachia wewe yote, asije akaonekana mchoyo.

Najua wako wanaojificha na magazeti yao chooni, au kwenye kiti cha nyuma cha daladala, ili wafumbue peke yao. Siwalaumu, ingawa nawashangaa. Mtu aliyemaliza chemshabongo chooni atamwonyesha nani?

Kuna na suala la malipo. Katika vitendawili vyetu anayeshindwa hapewi jibu bure. Huombwa mji, akautaja, na mtegaji akiridhika nao ndipo anapofumbua. Kimbelembele ametufumbulia miaka yote hii bila kudai hata kitongoji, tena bila kuombwa. Nikaona aibu. Juzi, alipokwisha kunisahihishia mstari mzima uliokuwa sahihi, nikamwambia, "Mzee wangu, leo chukua mji. Nakupa Lindi."

Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Lindi ni herufi tano, kijana. Hapo panataka sita. Andika Morogoro, utabana."