Jinsi ya Kuandika kama Gunia la Chai

Umefungua mkahawa Kericho mjini. Matofali umeyaacha bila plasta makusudi, balbu zinaning'inia kwa waya mtupu, na sasa unataka jina ukutani kwa herufi nene, zile za kiwandani. Vyema, viwanda vya chai si mbali.

Anza na jina, rangi baadaye. Stensili hukatwa kwenye bati au karatasi ngumu, na kila herufi yenye tumbo ina shida zake. Ukiikata O nzimanzima, kitovu kinadondoka unabaki na shimo. Ndiyo maana O huachiwa vidaraja, kimoja juu, kimoja chini. Watu wa kiwanda cha Litein hawajui bahati yao: herufi sita, hakuna hata moja inayodai daraja. Mogogosiek wana O tatu. Kapkoros wana A, P, R na O mbili, basi fundi wa huko umpikie chai ya maziwa kabla hajashika kisu. Gredi za chai nazo zina upendeleo: PF1 ina tumbo moja tu, lakini BP1 inakupa matatu, mawili yakiwa ya B peke yake.

Unene usiuonee haya. Herufi hizi hazikunenepa kwa starehe. Gunia kutoka Bomet hushuka hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na karani wa ghala anataka kusoma kiwanda, gredi, nambari ya invoisi na kilo akiwa amesimama mbali, bila kupindua rundo.

Brashi iwe fupi na ngumu, wino kidogo mno, kisha ugonge wima kama mtu anayetwanga. Ukifagiafagia kama mpaka rangi wa ukuta, wino utapenya chini ya bati, na PF1 yako itafanana na mahali mbuzi alipokanyaga.

Au achana na bati, ufungue kompyuta. Marekani walitoa fonti mbili zenye jina lilelile, Stencil, mwaka 1937: ya mbunifu Middleton mwezi Juni, ya mwenzake Powell mwezi Julai. Kwenye skrini hakuna kitovu cha kudondoka, kwa hiyo vidaraja havina kazi yoyote. Usithubutu kuviziba. Mteja wako anayelipia kikombe bei ya kilo kadhaa za majani mabichi amekuja kwa ajili ya ile mianya. Mwongezee na mikwaruzo kidogo, na doa la wino pembeni. Kule kiwandani doa kama hilo lingemletea mtu maneno.

Siku ya ufunguzi mlete kogo, yaani bibi yako, aliyechuma chai tangu hujazaliwa. Mpe kiti karibu na dirisha. Ataukodolea macho ule ukuta, asome jina polepole, arudie, kisha akuulize mbona hamjaandika kilo.