Bwawa la Jirani

Jirani yangu wa Goba amechimba bwawa la samaki wa koi uani. Si shimo la mchezo: kina mita moja na nusu, zege la nondo, chujio kubwa kuliko tangi letu la maji. Fundi kamwonya pampu isizimwe, maana uchafu wa samaki huzalisha amonia, nayo huwaua. Basi umeme ukikatika, jenereta huungurumia samaki. Friji ya mama watoto itajijua. Boza la maji likija, linaanza bwawani, ndoo za jikoni baadaye. Maji ya bomba hayafai mpaka yatolewe klorini. Sisi tunayanywa hivyohivyo.

Wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, waliowazalisha koi wa rangi, walianza kwa kufuga kitoweo. Mama mkwe wa jirani, mtu wa kisiwani Ukerewe, hakuhitaji kusimuliwa. Alisimama ukingoni, akauliza:

“Baba, hawa wanavuliwa lini?”

“Hawaliwi, mama.”

Akajifunga khanga upya, akaingia ndani.

Tangu Jumapili kuna korongo anayehudhuria kila alfajiri, wala hachangii umeme. Koi walikuwa kumi na wawili. Jana nimehesabu saba.