Mkanda wa Saa ya Babu: Mwongozo kwa Watu wa Kehancha na Majirani Zao

Ukiikuta saa ya mfukoni ndani ya sanduku la babu yako, usiipeleke kwa mshona viatu siku hiyo hiyo. Ishi nayo wiki nzima kwanza. Itie ufunguo kila asubuhi kwa wakati uleule, iweke sikioni kabla ya kulala, na ukiamka iulize kama ilipata usingizi. Ikikujibu kwamba haikulala hata kidogo, hapo mnaweza kuanza mazungumzo ya mkanda. Kamani nzima huiendesha saa ya aina hiyo kwa saa thelathini hivi, mara nyingine zaidi. Ikisimama usiku wa manane, mpelekee fundi saa kwanza, aifungue, aisafishe, aitie mafuta mapya. Saa inayougua haiponi kwa kuvishwa ngozi.

Watu wa nyumbani watakuuliza: kwa nini uifunge mkononi, na jina lake ni saa ya mfukoni? Wajibu kwa upole. Babu alikuwa na kizibao, kizibao kilikuwa na kijimfuko chake, na mnyororo ulitoka kijimfukoni ukaenda kushikwa na kifungo. Sisi tuna mashati ya mikono mifupi, simu mfuko wa kulia, funguo na sarafu mfuko wa kushoto. Saa ikiingia humo, wiki haiishi kabla kioo hakijajaa mikwaruzo. Halafu iko bodaboda. Umekaa nyuma unaelekea Isebania, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umekumbatia mfuko wa unga. Huo mkono wa tatu wa kuchimbua saa mfukoni utautoa wapi? Simu nayo inasema saa ngapi, ni kweli. Lakini simu hukuachiwa na babu.

Na wewe si wa kwanza kupata shida hii. Waingereza waliopigana na Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, walikwenda vitani na saa zao za mfukoni, mikono yao ikiwa imejaa hatamu na bunduki. Dawa waliyoipata ilikuwa kikombe kidogo cha ngozi kilichoshonewa mkanda: saa inatumbukizwa kikombeni, mkanda unafungwa kwenye kifundo cha mkono, vita vinaendelea. Mwaka 1914 vita vingine vikaja hadi huku kwetu. Mwezi wa Septemba kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kikaingia Kisii, kikapambana na askari wa Keya wa upande wa Waingereza. Kufikia mwisho wa vita hivyo, saa ya mkononi, ambayo kabla yake wanaume wengi wa Ulaya waliiona kuwa pambo la wanawake, ilikuwa imekwisha kuwa kifaa cha askari. Maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo wametuachia jina tu: kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Na ukiwa Nairobi ukitaka ndara au mshipi wa ngozi ulioshonwa kwa mkono, mpaka leo unaelekezwa Kariokor. Kila nipitapo pale nakumbuka kwamba ngozi na saa vilizoeana mkononi mwa askari katika vita vilevile vilivyolipa soko hilo jina.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Pima mkono kabla hujapima ngozi. Saa kubwa za mfukoni, zile zinazofanana na za wafanyakazi wa reli, zina upana wa milimita 50 hivi na uzito wa gramu 100 au karibu na hapo. Huo ni uzito wa mayai mawili ya kuku wa kienyeji. Yafunge kwenye kitambaa, yafunge mkononi, uende nayo sokoni na kurudi. Ukifika nyumbani na mayai mazima na bila hamu ya kuyafungua, mkono wako unaifaa saa. Kisha ilaze saa juu ya kifundo, ukunje kiganja kwenda juu kama mtu anayesimamisha matatu. Ikiwa bamba limetokeza pande zote mbili za mkono, hakuna mkanda utakaoisaidia. Itakwaruzwa na kila mlango. Saa hiyo ishonee mkoba wa ukanda wa kiunoni, na usione haya.

Mkono ukishakubali, tazama kichwa cha kutilia ufunguo kiko wapi. Saa isiyo na kifuniko cha mbele, kichwa chake na pete yake hukaa juu ya namba 12. Yenye kifuniko, mara nyingi kichwa hukaa upande wa namba 3, kama saa zetu za kawaida za mkononi. Jambo hili linaamua ushonaji wote. Ile ya kwanza, kichwa kinaangukia palepale mkanda unapoungana na kikombe. Fundi asipoacha mwanya hapo, kila asubuhi utaitoa saa kikombeni ili uitie ufunguo, na siku moja itakuponyoka.

Wapo watakaokushauri uigeuze saa juu chini, kichwa kielekee chini. Wana hoja tamu inayomfaa Mswahili: sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye namba 7. Ukiigeuza saa, namba 7 inakaa pale ambapo namba 1 hukaa, na mshale unakuonyesha saa moja kweli, bila kukokotoa chochote kichwani. Nilifurahi sana niliposikia hivyo, nikajaribu. Mshale mfupi ulisema kweli siku nzima. Mshale mrefu nao uligeuka pamoja na wenzake: saa moja kamili ikasomeka saa moja na nusu, na saa moja na nusu ikasomeka saa moja kamili. Gari la asubuhi halikungojea maelezo yangu. Acha namba 12 ikae juu, fundi akate mwanya.

Sasa ngozi, na hapa tusiharakishe. Sisi Wakuria tumezaliwa katikati ya ng'ombe, na wazo la kwanza la mtu wa Kehancha ni kuchukua ngozi ya ng'ombe wa nyumbani, aikaushe, aikate mkanda. Usifanye hivyo. Ngozi mbichi iliyokaushwa ni ile inayowambwa kwenye litungu: inapokauka inajivuta na kukaza, ndiyo maana litungu linalia. Sifa hiyo hiyo ni ugonjwa kwa mkanda. Utatoka jasho, ngozi italegea na kunuka. Jua litaipiga, itakakamaa na kusinyaa, na cha kwanza kubanwa ni kioo cha saa.

Tafuta ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, kama yale ya muwati. Ngozi nyingi za viatu vya bei rahisi na mikoba hutengenezwa kwa chumvi za kromu, kwa sababu kazi hiyo ni ya haraka na ngozi hutoka laini. Kuzitofautisha si kazi kubwa. Kata ukingo uangalie ndani: ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu inayoelekea buluu, ya maganda ni kahawia kutoka juu hadi chini. Au idondoshee tone la maji: ya maganda ambayo haijapakwa rangi wala nta hulinywa na kufanya doa jeusi. Ngozi ya kromu inafaa kwa koti, lakini haikumbuki umbo. Ngozi ya maganda ukiilowesha, ukaifinyanga, ukaiacha ikauke, inabaki vile ulivyoifinyanga, na kikombe cha saa kinahitaji kumbukumbu hiyo.

Mshona viatu ninayemwendea anakaa chini ya mwavuli, na nilipomwonyesha saa aliitazama muda mrefu bila kuigusa. Kisha akaniambia, "Mura, saa yenyewe kaa nayo. Mimi nipe upana na unene wake." Nilimwambia, "Mzee, si uishike tu, itakuwa rahisi." Akakataa. Akachonga kipande cha mti kwa kisu cha viatu mpaka kikalingana na saa, akakipitisha mara tatu kwenye uzi niliokuwa nimempimia. Ngozi yenye unene wa milimita 2 hivi akaitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, mapovu madogo yakapanda, na yalipokoma akaitoa. Akaifunika juu ya ule mti, akaanza kuisukuma kwa mgongo wa kijiko, polepole, kuzunguka ukingo, kama mtu anayebembeleza ugali utoke sufuriani mzima. Ikakaushwa kivulini usiku na mchana. Juani, alisema, ingepasuka.

Ilipokauka alikata dirisha la mbele, akabakiza mdomo wa ngozi wa milimita 2 au 3 kuzunguka, ili saa ichungulie bila kuweza kutoka. Saa inaingilia kwa nyuma. Nyuma kuna kifuniko cha ngozi kinachofungwa kwa kifungo cha chuma cha kubana, na kifuniko hicho mtu asikidharau: saa nyingi za zamani migongo yake hufungwa kwa kubanwa tu, haina mpira wa kuzuia maji, na jasho la mkono likikaa hapo litapenya. Kikombe kilishonwa kwa sindano mbili, uzi umepakwa nta, kila tundu linapitwa na nyuzi mbili kutoka pande mbili. Mshono wa namna hiyo, uzi mmoja ukikatika, wa pili unashika. Kuhusu upana wa mkanda wenyewe, usikubali ule mwembamba wa milimita 18 au 20 unaouzwa madukani. Saa ya milimita 50 juu yake itayumba kama mzigo wa kuni juu ya baiskeli. Chukua 24 au 26, na bizimu imara.

Akala za tairi nazo zina wapenzi wake, na mkanda wa tairi hauishi, hilo sibishi. Lakini mpira wa tairi una salfa ndani yake, na salfa huifanya fedha iwe nyeusi. Ikiwa bamba la babu ni la fedha, liepushe na tairi.

Wenzetu wa Homa Bay na Mbita, mnaoshinda na ziwa, mtataka mkanda wa nailoni, kwa sababu ngozi inayolowa kila siku huoza. Mkanda wa nailoni wa kijeshi unahitaji vyuma viwili vya kupitia, na saa ya mfukoni haina. Kwa hiyo nanyi mtashona kikombe cha ngozi, kisha nailoni ipite mgongoni mwake. Hata hivyo, mtumbwi ukisukumwa majini, saa ibaki ufukweni kwa mtu unayemwamini. Maji yakiingia mara moja, kutu inaanza usiku huohuo.

Jambo linaloua saa hizi kuliko maji ni mtikisiko. Ndani yake lipo gurudumu la mizani linaloyumba huku na huku, na ncha za mhimili wake ni nyembamba kama unywele. Kinga ya Incabloc, ile springi ndogo inayopokea pigo badala ya mhimili, ilianza kutengenezwa Uswisi miaka ya 1930, na saa ya babu pengine ni kongwe kuliko hiyo. Omba fundi aweke tabaka la pili chini ya kikombe, ngozi laini ya mbuzi au kitambaa kinene. Ukishika jembe, ivue. Ukipasua kuni, ivue. Barabara ikiwa ya mashimo na dereva wa bodaboda anakimbizana na mvua, ivue uitie kifuani.

Kama wewe ni mkulima wa tumbaku na unaamka usiku kuangalia moto wa banda la kukaushia, utapenda saa ambayo namba zake zinang'aa gizani. Ukikuta namba nene za rangi ya kahawia kwenye saa ya zamani ya aina hiyo, usifungue kioo na usizikwangue. Nyingi za enzi hizo zilipakwa rangi yenye radiamu, na radiamu haipungui hadi nusu mpaka ipite miaka 1600 hivi. Mng'ao umekwisha, sumu ingalipo. Beba tochi.

Mwisho, atakuja fundi wa jua kali mwenye gesi na risasi ya kulehemu, akuambie kikombe ni cha kizamani, yeye ataikata ile pete ya juu, alehemu vyuma viwili pembeni, na saa itapokea mkanda wowote wa dukani. Ni kweli itapokea. Ni kweli pia kwamba moto huo unaweza kupasua uso wa saa, na kwamba bamba lililolehemiwa halirudi kuwa lilivyokuwa. Kikombe cha ngozi kikichakaa unashona kingine. Mjukuu wako akiupenda mtindo wa vizibao, atafungua kifungo kimoja cha nyuma, aitoe saa, aitie mnyororo.

Yangu inakaa mkononi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Usiku naitoa kikombeni naitundika kwenye msumari ule ule alioutumia babu, na kinachoishika msumarini ni pete. Tafadhali, usiikate pete.